Mzee Akianguka, Msikilize Anavyopumua

Msikilizaji wa Diani, Msambweni na kote Kwale. Mzee ameteleza bafuni, amegonga shingo. Anasema hajambo. Usiishie hapo. Msikilize anavyopumua.

Duniani kote, wazee ndio wanaokufa zaidi kwa kuanguka. Na shingo iliyogongwa huweza kuvimba polepole, hadi njia ya hewa ikaziba.

Sauti imekauka ghafla? Anakoroma akiwa macho? Anatema damu? Mpeleke hospitali ya Msambweni, au iliyo karibu nawe, sasa hivi. Usimpe maji wala chai, hata akiomba. Usimkande shingo. Akitapika, mlaze ubavu, kichwa na shingo vikigeuka pamoja na mwili.

Hata asipoonyesha dalili, usiku huo asilale peke yake. Amkeni, mumsikilize anavyopumua.