Jirani Zetu Waislamu na Karamu ya Kuzaliwa Bwana



Tumeagizwa kusema habari za jirani zetu Waislamu, jinsi waionavyo Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, na zawadi tupelekeazo watu siku ile. Kazi hii hatukuitaka, maana katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, tena tulikosa kanisani, watu wakisikia. Walakini Jubilei yetu itafungwa siku ya Kuzaliwa Bwana, ng'ombe wa karamu amekwisha kununuliwa, na wazee wa kamati wamegawanyika katika shauri la nani atamchinja. Basi hatuna budi kusema, na tuanze na kosa letu.

Mwaka wa kwanza tulipopelekwa kufundisha katika kijiji kimoja cha pwani, upande wa Tanga, tulipika pilau ya Krismasi, tukajaza sahani kubwa, tukaifunika kawa, tukampelekea bibi mmoja mzee, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Bibi huyo alikuwa ametupokea kwa wema mwingi. Maji ya kwanza tuliyokunywa pale yalitoka katika mtungi wake. Akaipokea sahani, akashukuru. Jioni sahani ikarudi, imefunikwa vile vile, wali haukuguswa, wala hakutuma neno lo lote la kututakia heri ya sikukuu. Tukaona uchungu mwingi. Jumapili iliyofuata tukasimama mbele ya watu tukasema maneno makali juu ya wale wapokeao dawa zetu na kufundishiwa watoto wao, kisha wakakiona chakula cha Mkristo kuwa najisi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, nasi tukarudi nyumbani tukijiona tumeitetea imani.

Hata siku ya nne bibi akaja barazani kwetu, akamwita mama wa nyumba yetu kando, akamwuliza, "Mwanangu, kuku yule alichinjwa na nani?" Akajibiwa kwamba alichinjwa na kijana wetu. "Basi ndiyo sababu. Naliona haya kukuambia, naliona haya pia kukimwaga chakula cha mikono yako. Nikakirudisha. Mwaka ujao mwite mjukuu wangu achinje, nami nitakula hata niikombe sahani."

Ndipo tukafahamu ya kuwa tumemtukana mwanamke mwema mbele ya kanisa zima, kwa sababu sisi hatukujua kuuliza.

Tangu hapo tukaanza kuuliza na kusoma. Kurani imefasiriwa kwa Kiswahili mara kadha wa kadha: kwanza na Canon Godfrey Dale wa Misioni ya UMCA, ikapigwa chapa mwaka 1923, na baadaye na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwaka 1969. Mwalimu asiyejua Kiarabu hana udhuru. Tukaona kwamba Waislamu hawakani kuzaliwa kwa Isa. Sura ya kumi na tisa yaitwa kwa jina la Mariamu mwenyewe, nayo yaeleza jinsi alivyoshikwa na utungu penye shina la mtende, akaambiwa autikise, tende zikamwangukia. Kwamba alizaa naye ni bikira, hilo wanalishika sawasawa na sisi. Wanalolikataa ni kwamba Mungu ana mwana. Hilo limo katika Sura ya Ikhlasi, ambayo ni fupi mno hata mtoto wa chuoni huihifadhi kabla hajajua kujifunga shuka yake, na wengi wao huisoma katika sala kila siku.

Basi fikirini. Tunapomsalimu jirani kwa furaha ya Kuzaliwa Mwana wa Mungu, kisha tukamtazama usoni tukingoja aitike, twamwomba atamke jambo alilolikana alfajiri katika sala yake. Akinyamaza, twasema ana chuki. Lakini mtu yule angeitika kwa midomo tu, tungekuwa tumemfundisha uongo, tena siku ya sikukuu.

Si wote wanyamazao. Wako wasemao kwamba kumtakia jirani heri si kuikiri dini yake, na waalimu wao wamehitilafiana tangu zamani. Ibn Taymiyya wa Damasko, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu kizima kuwakataza Waislamu wasifuate sikukuu za watu wengine, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akaharimisha hata salamu za pongezi. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi wa Misri, aliyefariki mwaka 2022, alisema kwamba kumpongeza jirani mwenye amani kwajuzu. Tena kumbukeni kwamba wale wakali katika jambo la Krismasi, wengi wao huyakataza hata Maulidi ya Mtume wao, wakisema ni uzushi. Ugomvi huo ni wao kwa wao, nasi tusijidhanie kuwa ndio tunaolengwa kila wanenapo.

Jambo lililotustaajabisha ni hili. Ibn Taymiyya, pamoja na ukali wake, hakukataza kuipokea zawadi ya asiye Mwislamu siku ya sikukuu yake. Alitaja habari za Ali, ambaye aliletewa zawadi siku ya Nairuzi, sikukuu ya Waajemi, akaipokea. Alitaja na habari za Bi Aisha, ambaye aliulizwa juu ya zawadi za Wamajusi, akajibu kwamba kilichochinjwa kwa ajili ya siku ile kisiliwe, bali matunda ya miti yao yaliwe. Alilokataza ni Mwislamu kumpelekea mwingine zawadi kwa ajili ya sikukuu ile.

Tuliposoma hayo tukamkumbuka bibi yetu. Kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya Krismasi, alituletea kikapu cha embe. Siku yenyewe hakuleta kitu. Huenda alikuwa akitafuta njia ya kutupa asiivunje dini yake. Huenda pia embe zilikuwa zimeiva tu. Hatukumwuliza, na sasa ametangulia mbele ya haki.

Mmetuuliza mara nyingi: kama Kurani katika Sura ya tano yahalalisha chakula cha watu wa Kitabu, mbona kuku wetu asiliwe? Jibu ni kwamba watu wa pwani yetu wafuata madhehebu ya Shafii, na waalimu wa madhehebu hayo huitia ruhusa ile masharti. Husema ni ya wale ambao wazee wao waliishika dini ya Kitabu zamani, kabla ya kuja Mtume wao, si ya sisi tulioipokea juzi. Hatulipendi jibu hili. Lakini lina umri wa karne nyingi kuliko misioni yetu, wala halikutungwa ili kutudharau.

Sasa wako wazee wasemao, "Tukimpa Mwislamu kisu, tumekiri kwamba mikono yetu ni michafu." Uchungu huo twaujua, tulikwisha kuuhubiri. Nao waweza kuzaa makubwa: mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere upande wa Geita, ugomvi wa kuchinja ulifika hata kumwua mchungaji. Lakini Mtakatifu Paulo alipoulizwa na Wakorintho habari za nyama, hakusema kwamba haki hana. Alisema yu radhi kuiacha kwa ajili ya dhamiri ya mwingine. Twajua alinena habari za ndugu Mkristo. Sisi twavuka nalo uani, kwa jirani.

Liko zito zaidi ya kisu. Mwaka mmoja tuliwagawia watoto wa Kiislamu peremende na madaftari siku ya Krismasi, wakaja wengi, nasi tukayaandika majina yao katika orodha ya watakao kufundishwa dini. Baba mmoja akaja jioni ile na madaftari mawili mkononi, akayaweka mezani kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mvuvi hampi samaki chambo kwa kumpenda." Akaaga akaenda zake. Orodha tuliichana, lakini watoto wale hawakurudi tena kucheza uani kwetu.

Kanisa la Mkunazini, Unguja, liliwekwa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa mahali pale. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kihindu, Jairam Senji. Na saa ya mnara, husimuliwa kwamba ilitolewa na Seyyid Barghash, Sultani Mwislamu. Hakutoa kikombe cha altare, wala hakuna aliyemtaka atoe. Alitoa saa, iwaambiayo wakati wale waendao Misa na wale waendao msikitini pia.

Basi shauri letu kwa kamati ni hili. Ng'ombe achinjwe siku ya kuamkia, mbali na kanisa, na mzee wa Kiislamu wa kijiji, kwa jina la Mungu tu. Sala zetu tuzisome mezani, siku yenyewe. Vyungu tuviazime kwao, wawe na hakika navyo. Sahani zipelekwe na watoto, bila kadi na bila hotuba, na mpelekaji asisimame mlangoni kungoja pongezi. Atakayekataa kula asiulizwe sababu. Huyo apelekewe ndizi na madafu. Nanyi mwauliza kama watoto wetu waende kutafuta mkono wa Idi. Waende. Mbona sisi tulikwenda?

Kamati itakutana Alhamisi, baada ya Sala ya Jioni. Mzee mwenye ng'ombe ameomba ajibiwe siku hiyo hiyo, maana malisho yamekauka.