Bati Jipya, Ukuta wa Udongo



Mwezi Mei, 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia kisiwa cha Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitangaza mapema. Kilikuwa na jina, kilikuwa na njia yake kwenye ramani, na watu wa pwani walipata muda wa kujihadhari. Sisi wa Shinyanga na Geita tulizisikiliza habari hizo kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumba ya jirani. Bahari iko mbali, tukasema, hayo hayatuhusu.

Nakuomba basi ukumbuke Mwakata. Usiku wa Jumanne, tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji hicho cha wilaya ya Kahama, watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Mvua ile haikuwa na jina wala ramani. Wingu la radi hukua mchana na kumwaga usiku, na tangazo la kusema litaangukia kijiji gani ni vigumu kulipata.

Mwakata ikitajwa, watu huzungumza juu ya mawe ya barafu. Ni kweli mawe yale yalikuwa ya kutisha. Lakini waliokufa, wengi wao waliangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe. Tofali mbichi likikauka ni gumu kweli, unaweza kulipigilia msumari likakataa. Likinywa maji, hasa pale chini ukuta unapokutana na ardhi, linarudi kuwa tope kama lilivyozaliwa. Upepo nao huingia chini ya paa na kulitikisa. Paa likiyumba, ukuta ulioloa hauna cha kushikilia.

Hapa sisi tunaoishi mjini tuna kesi ya kujibu. Tukipata fedha kidogo, ya pamba, ya mshahara au ya dhahabu, kitu cha kwanza kupeleka nyumbani ni bati. Bati linaonekana. Ukipita barabarani linang'aa, na majirani wanasema mtoto wa fulani amemjengea mama yake. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilipeleka mabati, misumari na mbao, nikapigwa picha mlangoni. Kuta nilizikuta za udongo, nikaziacha za udongo. Nilikuwa nimempa mama yangu kofia nzuri na viatu vilivyooza.

Mvua zetu kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo kazi ni ya Septemba na Oktoba, wakati udongo umekauka na mafundi hawajaenda shamba. Kama fedha haitoshi kujenga upya, anza chini. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, upeleke maji mbali. Piga lipu ya saruji sehemu ya chini ya ukuta kwa nje, ukiacha paa litokeze vya kutosha ili maji yasidondokee ukutani. Kisha panda juu na fundi. Muulize kenchi zimefungwa na nini. Akikuonyesha misumari peke yake, nunua waya mnene, zifungwe hadi ndani ya ukuta. Mawe yanayowekwa juu ya bati ili lisipeperuke yaondoe. Siku paa likiezuliwa, mawe hayo yataangukia watu.

Na kitanda cha watoto kisogezwe mbali na ukuta wenye ufa. Hilo halina gharama hata ya shilingi moja.

Wachimbaji wadogo wanaolala kwenye maturubai kando ya maduara wana hatari yao ya peke yake, na nitawarudia siku nyingine. Radi pia ina mazungumzo yake: tarehe 27 Januari, 2025 iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe.

Oktoba iliyofuata nilirudi kwa mama na mifuko ya saruji. Alinitazama nikiishusha, akauliza, "Mwanangu, na hii watu wataionaje?" Nikamjibu kwamba hawataiona. Akacheka, akaenda kumtafutia fundi maji ya kuchanganyia.