Mji Unavyopanuka, Makala Yanavyozidi

Leo tunazungumzia kaboni inayotoka majumbani mwetu hapa Lubumbashi, na namna mji ulivyojengwa unavyoizidisha au kuipunguza.

Umeme wa shirika la taifa, SNEL, tunaoutumia hutokana hasa na maji: mitambo ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na tangu miaka ya 1980 Inga, kwa waya wa kilometa zipatazo 1,700 hadi Kolwezi. Mama anayesonga bukari, ugali wetu, kwa umeme huo hutoa kaboni kidogo mno. Lakini mitambo ya Katanga ilijengwa enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière kwa ajili ya shaba, na waya zikafuata migodi, viwanda na mitaa iliyopimwa zamani. Mji ulipopanuka, parsele, yaani viwanja vya nyumba, ziliuzwa kwanza, waya na barabara zikachelewa. Huko pembeni chakula hupikwa kwa makala. Na hata mjini kati, umeme ukikatika, babula, jiko la makala, huwashwa.

Makala hayo huchomwa katika tanuru la udongo. Kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Sehemu kubwa ya kaboni ya mti hupotelea hewani, pamoja na gesi ya methani. Misitu ya miombo ya karibu ikiisha, malori na baiskeli huyafuata makala mbali zaidi kwenye barabara za Kasenga na Likasi. Visiki vya miombo huchipua vikiachwa. Pakigeuzwa parsele au shamba la mahindi, msitu haurudi.

Tena, anayeishi mbali na kazi na soko hupanda teksi-basi na pikipiki kila siku, na petroli huchomwa.

Nyumbani, tutumie babula ya udongo inayotunza joto, tufunike sufuria, tuloweke maharagwe usiku kucha. Lakini babula nzuri haitoshi mji ukiendelea kukimbia mbele ya waya. Wakuu wa komini wajaze kwanza nafasi zilizo wazi palipo na umeme na barabara, ndipo wapime ardhi mpya. Nawe unayetafuta parsele, kabla ya kutoa pesa, uliza: waya umefika wapi, na basi linasimama wapi?