KANISA DOGO NA SANDUKU LA AKINA MAMA

Hotuba ya mmoja wa wazee wa kanisa katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Zagayu

 

Nimeombwa nieleze kwa kifupi kanisa letu la Mennonite lilikotoka, na linahusianaje na kikundi hiki.

Chanzo ni Ulaya. Mwaka 1525, katika mji wa Zürich, Uswisi, waumini wachache walibatizana wakiwa watu wazima. Walisema imani hairithiwi wala hailazimishwi. Mtu huichagua mwenyewe. Wakateswa kwa ajili hiyo. Jina letu linatokana na Menno Simons, padre wa Uholanzi aliyejiunga nao mwaka 1536. Watu hao, kwa kufukuzwa huku na huku, walizoea kutunzana. Mwaka 1920 Wamennonite wa Marekani waliunda kamati ya kuwapelekea chakula wenzao waliokuwa wanakufa njaa kule Urusi na Ukraine.

Hapa nchini, Elam Stauffer na wenzake walifungua misheni Shirati, Mara, mwaka 1934. Mwaka 1942 ukaja uamsho: Wazungu na Waafrika wakatubu mbele ya wenzao. Mwaka 1960 kanisa likajitegemea, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wetu wa kwanza Mwafrika. Kutoka Mara, Neno likaja hata huku Usukumani.

Sasa, jamani, kanisa la kijijini huishi kwa msimu. Pamba ikiuzwa, kapu la sadaka linajaa. Ikifika Januari na Februari, wakati wa palizi, ghalani hakuna kitu. Kapu linapata mayai mawili na michembe kidogo. Na nyumbani ni vilevile: mtoto anaumwa, ada inadaiwa, mama hana pa kushika. Ndiyo maana tukaanza kununua hisa. Mtindo huu wa sanduku ulianza kwa akina mama wa vijijini kule Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE. Sisi tuliupokea kwa urahisi, kwa sababu kanisani tulikwisha zoea kuhesabu sadaka watu zaidi ya mmoja, hadharani. Kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu: hilo halikutushangaza.

Niseme na jambo linalonong'onwa. Wengine wanasema: sanduku lilianzia kwa wanawake wa kanisa, basi likopeshe kanisa fedha za kuezeka. Mimi ni mzee wa kanisa, na bati nazitaka. Lakini nasema hapana.

Kwanza, ndani ya sanduku zimo hisa za Wakatoliki, za Waislamu, za ndugu wa AIC, na za mama asiyesali popote. Kama imani hailazimishwi, sadaka nayo italazimishwaje? Pili, mkopo wa mwanachama tunaudai bila haya. Ni nani kati yetu atakayekwenda kumdai Mchungaji? Tatu, fedha zikigeuka bati mwezi wa Novemba, Februari mama mwenye mgonjwa atafungua sanduku akute nini?

Ushauri wangu ni huu. Siku ya kugawana, kila mmoja apokee chake mkononi, ahesabu, aende nacho nyumbani. Jumapili, anayeguswa alete kanisani kwa moyo wake. Paa litachelewa, ni kweli. Lakini litakapokamilika, hakuna mama atakayekaa chini yake akijiuliza hisa yake ilikwenda wapi.

Miaka kumi si haba. Tulindane kama tulivyoanza.