Fornés, Aliyewatoa Watazamaji Vitini

Mwandishi wa tamthilia María Irene Fornés alihamia New York na mama yake kutoka Kuba mwaka 1945. Aliwapenda wanawake wenzake, mwandishi Susan Sontag akiwa mmoja wao. Katika sehemu ya pili ya tamthilia yake "Fefu and Her Friends" ya 1977, watazamaji hugawanywa makundi manne, wakaingia jikoni, chumbani, maktabani na uani kwa zamu, huku waigizaji wakirudia kila onyesho mara nne. Pale jikoni, mwigizaji yu karibu hata unamsikia akihema. Huo, kwangu, ni ujasiri mkubwa wa kisanaa. Tena alifundisha: kwenye ukumbi wa INTAR alilea waandishi Walatino, akiwemo Nilo Cruz, mshindi wa tuzo ya Pulitzer mwaka 2003. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kupewa tuzo hiyo, na inauma.