MBWA WA MBELE
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya uongozi. Somo hilo mmekwisha kulisikia kwa watu wakubwa kuliko mimi. Kwa hiyo leo naomba tujifunze kwa mbwa. Msicheke.

Huko Alaska, katika Marekani, theluji hufunika nchi miezi mingi, na tangu zamani mbwa huvuta sleji, yaani gari lisilo na magurudumu liteleziayo theluji. Mwendeshaji husimama nyuma. Hana hatamu wala kamba ya kuwageuzia mbwa. Ana sauti yake tu. "Jii" ni kulia, "hoo" ni kushoto.

Mafunzo huenda taratibu. Mtoto wa mbwa huvishwa mikanda ya kifuani aizoee, kisha hufungiwa kigogo chepesi akiburure. Akipata nguvu hufungwa kando ya mbwa mzee aijuaye kazi, kama wakulima wetu wafungavyo maksai mchanga nira moja na mzoefu. Safari za kwanza hukatizwa kabla hajachoka, ili kesho atamani kurudi. Kuvuta si tabu kumfundisha, maana hupenda. Tabu ni kumfundisha kusimama, kutulia, na kukaza kamba bila kugeuka nyuma. Wenye nguvu nyingi huwekwa karibu na sleji. Wa mbele huchaguliwa kwa akili.

Akili gani? Barafu ikiwa nyembamba, mbwa wa mbele huweza kuihisi kabla ya bwana wake. Akiamriwa kupita, hukataa. Bwana mwenye busara hamchapi kwa hilo. Akimchapa, siku nyingine atatii, na wote watazama.

Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia mji wa Nome. Dawa ilifikishwa Nenana kwa reli, kisha waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 wakapokezana kilomita 1,080 hivi kwa siku 5 na nusu. Leonhard Seppala alivuka barafu ya ghuba ya Norton, mbele yake Togo, mbwa wa miaka 12. Udogoni Togo alikuwa mtundu hata akagawiwa kwa watu wengine. Akaruka kupitia kioo cha dirisha, akarudi. Aliyeingia Nome na dawa ni Gunnar Kaasen, akiwa na Balto. Balto akajengewa sanamu New York mwaka uleule, ingawa sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Togo.

Ndugu zangu, katika utumishi nimeona faili likipanda ngazi hadi juu na kosa ambalo karani wa kwanza aliliona, akanyamaza kwa hofu. Hasara ikaja kuwa ya wananchi.

Basi, waalimu, mtundu wa leo msimtupe kabla hamjamvisha mikanda. Vijana, jifunzeni kwanza kuvuta; akataaye kabla ya kujua kuvuta ni mvivu tu. Nasi tulio wakubwa maofisini, mdogo wetu akisimama akasema hapa barafu ni nyembamba, tushuke tukaitazame.