Tangazo Ndilo Silabasi: Maandalizi ya Usaili wa Ajira Serikalini kwa Anayeanza

Mada kwa wahitimu wapya wanaotafuta ajira katika utumishi wa umma



Nimeombwa nizungumzie namna mtu ambaye hajawahi kufanya usaili wa Serikali anavyoweza kujiandaa. Nitaanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wengi. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita wasailiwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 10,000 wakakaa majukwaani kugombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa na nafasi 1,596, na maombi yakafika 135,027. Gawanyeni wenyewe: ni waombaji wapatao 85 kwa nafasi moja.

Mhitimu akizisikia namba hizo, ama hukata tamaa ama huanza kutafuta njia ya mkato. Njia za mkato siku hizi zipo mbili: kumtafuta mjomba mwenye jina, au kununua faili la "maswali ya usaili" linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Mjomba sitamjadili leo. Faili nitalijadili, maana limewaponza watu wenye akili nzuri kabisa.

Maoni yangu ni haya: wengi wanaoshindwa si kwamba hawakusoma. Walisoma sana, ila walisoma kisichoulizwa. Chuo kilikupima kama umeielewa taaluma. Usaili unapima kama unaweza kushika kazi fulani, katika ofisi fulani, chini ya sheria fulani. Na kazi hiyo imeelezwa waziwazi ndani ya tangazo, kwenye ile sehemu ambayo vijana huiruka wakikimbilia sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara.

Njia yenyewe ilivyo

Kwa ufupi, chombo kinachoendesha mchakato kwa sehemu kubwa ya utumishi wa umma ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kilichoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal. Anayeitwa hupita usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Kwa kada kama udereva na uandishi mwendesha ofisi hufuata usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano mbele ya jopo. Kwa kada kadhaa mchujo sasa hufanyika kwa kompyuta. Aliyezoea kalamu tu asingoje siku ya mtihani ndiyo ashike kipanya.

Jambo moja linawachanganya wageni: kufaulu mchujo na kuchaguliwa kuendelea ni vitu viwili. Wanaoendelea ni wale wa juu, kulingana na idadi ya nafasi zilizopo. Alama iliyokutosha chuoni kupata "nimepita" inaweza isikufikishe popote hapa. Kwa hiyo usijiandae kwa lengo la kuvuka nusu.

Kulisoma tangazo

Tuchukue kada moja tuichambue polepole. Nimechagua Mtendaji wa Kijiji, kwa sababu halmashauri nyingi huitangaza na waombaji wake hutoka katika fani mbalimbali: utawala, sheria, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha.

Tangazo la kada hii huorodhesha majukumu takriban kama ifuatavyo. Mtendaji ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji. Anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Ni katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji. Anasimamia utungaji wa sheria ndogo za kijiji. Anapokea na kusikiliza malalamiko na migogoro ya wananchi. Anatunza kumbukumbu na nyaraka zote za kijiji. Anawajibika kwa Mtendaji wa Kata.

Kijana husoma mistari hiyo, huitikia kwa kichwa, kisha hufungua faili la WhatsApp na kuanza kukariri maana ya utawala bora na sifa nane za kiongozi. Mimi ningemwambia achukue daftari, aandike kila jukumu juu ya ukurasa wake, kisha ajiulize maswali matatu: ni sheria gani inanipa mamlaka haya, nani mwingine anahusika, na hatua zinafuatanaje?

Chukua jukumu la ukatibu. Sheria ni ile ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Humo utakuta kuwa Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na kwamba mkutano huo ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Hapo hapo umepata maswali kadhaa ya kuchagua jibu sahihi. Tena umeelewa jambo ambalo wengi hulikosea: mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi, mtendaji huajiriwa, na mtendaji hana kura ya kumtisha nayo mwenyekiti. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali ya migogoro kati ya viongozi hao wawili yatakuwa yamejijibu.

Nenda kwenye sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, wananchi huitolea maoni kwenye mkutano mkuu, na Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Ukiandika kwamba kijiji kinatunga na kuanza kutoza faini kesho yake, umekosa.

Migogoro je? Vijijini kwetu migogoro mingi ni ardhi, kwa hiyo utaikuta Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mahakama za Ardhi ya mwaka 2002. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Halitoi hukumu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na baraza la kata nalo likabakiziwa usuluhishi katika mashauri ya ardhi. Anayesoma nukuu za kaka yake aliyefanya usaili kabla ya hapo atajibu kwa ujasiri mkubwa, na atakosa.

Mnaona jinsi kurasa zinavyojaa? Mistari saba ya tangazo imetupeleka kwenye sheria tatu na taasisi tano. Hayo ndiyo yanayoweza kutungiwa mtihani. Mtunzi wa maswali naye anahitaji mahali pa kuanzia, na hana mahali halali zaidi ya majukumu ya kada na muundo wa utumishi wa kada hiyo.

Kazi hiyo hiyo ifanyeni kwa kada zenu. Mhasibu aanze na Sheria ya Fedha za Umma, Sura ya 348, na mfumo wa malipo wa MUSE. Afisa utumishi aanze na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kanuni zake za mwaka 2022, na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009. Dereva naye asidhani hana cha kusoma: alama za barabarani, ukaguzi wa gari kabla ya safari na ujazaji wa daftari la safari ni mambo ya kila siku ya kazi yake, na leseni ya daraja E au C peke yake haimjibii maswali. Mwandishi mwendesha ofisi ajipime kwa saa; matangazo mengi yametaka hatimkato ya maneno 80 kwa dakika, na kasi hiyo haipatikani kwa wiki ya mwisho.

Nukuu zilizochakaa

Nimegusia nukuu za zamani. Niseme zaidi, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona alama zinamwagika bure.

Serikali imebadilisha mambo mengi kwa muda mfupi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na ya mwaka 2023. Mfumo wa ununuzi wa TANePS umeondoka, sasa ni NeST. Upimaji wa utendaji wa watumishi uliojulikana kama OPRAS umeipisha PEPMIS. Dira ya Maendeleo ya mwaka 2025 imefika mwisho wake, na Dira ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Mafaili mengi yanayouzwa bado yamejaa OPRAS na TANePS, kwa sababu aliyeyakusanya mwanzo aliacha kuyagusa, na waliofuata wamekuwa wakinakili tu. Msailiwa wa ununuzi anayeitaja TANePS kama mfumo unaotumika leo anajitangaza mwenyewe kwamba hajafuatilia fani yake.

Sisemi mafaili hayo yachomwe. Yana faida moja: yanaonyesha sura ya maswali. Yasome ukijua sura hiyo, kisha jibu utafute mwenyewe kwenye sheria inayotumika. Sheria nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti za Serikali na za Bunge. Ni ajabu kidogo kwamba mtu hulipia faili lenye makosa na kuiacha sheria yenyewe isiyolipiwa.

Mazoezi

Muda kati ya tangazo la kuitwa na siku ya usaili huwa mfupi. Siku hizo hazitoshi kusoma sheria tatu. Zinatosha kurudia ulichokwisha kusoma. Kwa hiyo kazi ya daftari ianze siku unapotuma maombi, hata kama hujui utaitwa au la.

Someni kwa vikundi vidogo vya kada moja, na kila mmoja atunge maswali kutoka jukumu alilopewa. Anayetunga swali lenye majibu manne, matatu yakiwa ya uongo unaofanana na ukweli, hulazimika kuielewa sheria kuliko anayesoma tu. Fanyeni mtihani wenu kwa saa, simu zikiwa zimezimwa. Na fanyeni kwa lugha zote mbili. Mtu anaweza kujua vizuri kabisa maana ya afisa masuuli, kisha akakwama swali likija kwa Kiingereza. Mwingine amesoma chuo chote kwa Kiingereza, na akitakiwa kueleza hati ya malipo kwa Kiswahili anababaika.

Makaratasi

Kuna watu hushindwa kabla ya kushika kalamu. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hutaja mambo haya kila mara, na kila mara kuna wanaorudishwa mlangoni. Beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Matokeo ya muda na hati za matokeo havikubaliwi badala ya cheti. Beba kitambulisho. Nakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti yako kabla ya siku yenyewe. Aliyesoma nje ya nchi awe na uthibitisho wa TCU, NACTVET au NECTA. Kama jina la cheti cha kidato cha nne halilingani na la kitambulisho cha Taifa, shughulikia sasa hati iliyosajiliwa ya kubadili jina, usingoje kuitwa.

Barua ya maombi isainiwe, na ielekezwe kwa aliyetajwa kwenye tangazo. Nafasi za halmashauri mara nyingi barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji ingawa inapandishwa kwenye mfumo ule ule. Huisha pia makazi yako kwenye akaunti. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, na kwa mtoto wa mkulima aliyejiandikisha mkoa asioishi, gharama hiyo pekee inaweza kumtoa kwenye mashindano. Hilo kwangu ni dosari ya mfumo, ingawa usaili wa mikoani umeipunguza.

Mbele ya jopo

Mavazi na salamu mmekwisha kuambiwa na kila mtu. Mimi nitoe mfano mmoja tu wa swali. Mathalani jopo linakwambia: una wiki mbili tangu uripoti kijijini, ng'ombe wameingia shambani, wakulima wamewakamata, wafugaji wamefika na fimbo. Utafanya nini?

Wengi hujibu, "Nitawakalisha chini niwape elimu." Jibu ni zuri kwa siku nyingine. Aliyelisoma tangazo anakumbuka kwamba jukumu lake la mapema ni usalama wa raia na mali zao. Ataanza kwa kuwatenganisha watu, kumshirikisha mwenyekiti na kuita mgambo au polisi, kisha kumjulisha Mtendaji wa Kata, ambaye yeye anawajibika kwake. Baada ya hapo atamwita mtaalamu wa kilimo atathmini hasara, ataandika kumbukumbu, na ndipo atawaketisha wahusika wasuluhishane. Elimu inakuja mwisho, kwenye mkutano wa kijiji. Jopo linachosikiliza ni mpangilio huo. Ukiupata, hata sauti ikitetemeka kidogo watakuelewa.

Na usipojua jibu, sema hujui, kisha eleza ungelitafuta wapi. Kubuni kifungu cha sheria mbele ya watu wanaoishi na sheria hiyo kazini ni hasara tupu.

Baada ya usaili

Maombi hayalipiwi, usaili haulipiwi, na kupangiwa kituo hakulipiwi. Anayekupigia simu akidai "hela ya kusukuma faili" ni tapeli au ni mla rushwa. Wote wawili mahali pao ni TAKUKURU.

Waliofaulu mahojiano wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na huweza kupangiwa kazi nafasi ya kada yao ikipatikana. Kwa hiyo nawaomba jambo moja la mwisho, dogo: msibadilishe ovyo namba za simu mlizoandika kwenye akaunti zenu, na endeleeni kusoma matangazo ya kuitwa kazini hata baada ya kuamini kwamba mmekosa.